Kengele ya Bosi

25 Agosti

Muhula wa tatu umefunguliwa. Watoto wamerudi warefu, wamesahau kila kitu, na mimi nimerudi na mafua.

Jioni shemeji Hezekiah amepiga simu kutoka Nakuru. Hakuzunguka. Mwisho wa Novemba anakuja na gari kumchukua mama yake, Kogo Rodah, akaishi naye huko mjini. Shamba la chai likodishwe. "Shemeji, mama haoni," akasema. "Na ile mbwa imekufa. Anakaa tu hapo kwa mlango siku mzima. Unataka nikuje tu siku ya kumzika?" Nikamwambia Kogo si gunia la viazi la kupakiwa garini. Simu ikakatika. Labda ni yeye, labda ni mtandao. Huku Kimulot huwezi kujua.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajichanganya mwenyewe. Kogo, yaani nyanya kwa lugha ya huku, ni mama wa marehemu mume wangu, Kiplimo. Mimi ni Mkisii, nililetwa huku na kazi ya kufundisha Kiswahili, nikaolewa, na tangu Kiplimo atuache tumebaki wawili bomani, mimi na huyu mama. Binti yangu Chepngetich yuko chuo Eldoret. Macho ya Kogo yamekuwa yakififia kwa miaka, na sasa anachoona ni mwanga tu, anajua dirisha liko wapi. Lakini chai alikuwa akichuma mwenyewe, kwa vidole. Anapapasa juu ya mche, anajua hili bado laini, hili limekomaa, anavunja majani mawili na kichipukizi, anatupa kikapuni nyuma yake bila kugeuka. Karani anayepokea majani kule kituo cha chai hakuwahi kumrudishia kitu.

Aliyekuwa akimfikisha shambani ni Bosi. Mbwa jike mwekundu, kengele ndogo shingoni. Bosi mbele, kengele inalia, Kogo nyuma na fimbo yake. Kengele ikinyamaza Kogo anasimama, anajua kuna mtaro au kuna ng'ombe wa watu. Julai Bosi alilala kando ya jiko na hakuamka. Ni uzee. Kengele imetundikwa kwenye msumari mlangoni, na Kogo hajakanyaga shamba tena. Kila asubuhi anaigusa, halafu anakaa.

Nimemwambia habari za Nakuru. Akasema, "Nilienda huko wakati Hezekiah alinunua nyumba. Huko hakuna kitu ya kugusa. Ni ukuta tu."

Kwa hiyo nimekata shauri. Natafuta mbwa. Novemba ikiisha awe hapa, na Hezekiah arudi Nakuru na gari lake tupu.

27 Agosti

Mvua. Nimeuliza chumba cha walimu kizima. Kila mtu ana mbwa wa kunipa. Nitachagua mwenyewe.

30 Agosti

Kumbe sichagui mimi.

Jirani yetu Lazarus Ooko ameleta mtoto wa mbwa kwenye pikapu yake. Ooko ni mtu wa ziwani, alikuja kufanya kazi kiwanda cha chai akiwa kijana, akastaafu, akafungua posho mill hapa na hakurudi kwao. Mbwa mwenyewe mweusi, mnene, ungemtamani. "Mwalimu, mama yake huyu ni mkali sana," Ooko akasema. "Mwizi hawezi kupita."

Kogo akaniomba kifuniko cha sufuria. Nikampa. Akakiachilia kikaanguka kwenye sakafu ya simiti, na kishindo chake kilinifika kwenye meno. Mbwa akachomoka mbio akajibana chini ya tangi la maji. Tukangoja. Tukanywa chai. Mwishowe Ooko alilala kwa tumbo na kumvuta kwa mguu.

"Peleka," Kogo akasema.

"Lakini mama," Ooko akasema, "mbwa yoyote itakimbia hiyo kelele."

"Ndiyo, wote wanakimbia. Hata Bosi alikimbia. Lakini Bosi alirudi kuangalia ni nini imeanguka. Mimi nataka ile inarudi."

Ooko ameondoka na mbwa wake, amenuna kidogo. Mimi pia nimenuna. Nilishaanza kufikiria jina.

6 Septemba

Wengine watatu leo. Hakuna aliyerudi. Kifuniko kimepinda, sasa hakifuniki sufuria yoyote.

9 Septemba

Mvua, mvua. Chepkemboi, yule dada anayetuchumia chai siku hizi, anasema miche ya mistari ya chini imerefuka, vidole vyake havitoshi. Kogo alimsikia. Akageuza uso kuelekea shambani kana kwamba anaona.

12 Septemba

Niliomba ruhusa shuleni nikampeleka Kogo hospitali ya Longisa, kliniki ya macho. Moyoni nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba wangesema kuna dawa, nisahau mambo ya mbwa.

Daktari ni kijana mpole. Alichuchumaa mbele ya Kogo ili sauti yake imfikie usoni. Akasema mwanga uliopotea haurudi, lakini matone yatamsaidia ule uliobaki usipotee. Mimi nilishika mkoba wangu kwa nguvu nisilie mbele ya watu.

Kogo akasema, "Asante daktari. Wewe uko na mbwa?"

Daktari hakuwa na mbwa. Basi Kogo akahamia foleni. Aliuliza aliye kushoto, aliye kulia, na mlinzi. Nilikuwa natamani ardhi ipasuke. Alitaka mbwa wa kizazi cha Bosi, na shida ni kwamba hakuna ajuaye Bosi alitoka wapi. Mume wa Kogo alimleta akiwa mdogo, ndani ya gunia, kutoka upande wa soko la ng'ombe, na yule mzee hakuwa mtu wa kueleza mambo. Kogo akawa anaeleza watu: mwekundu, mkia mfupi, anatembea polepole mbele ya ng'ombe, habweki ovyo.

Mama mmoja aliyekuwa amefungwa bandeji jicho moja akasema, "Hizo ni za Mzee Kimeli. Ukivuka Mulot, kwa njia ya Narok. Boma lake lote ni mbwa nyekundu."

Kogo akanibana mkono. Kucha zake zimeacha alama. Njia nzima ya kurudi hakuzungumza habari za macho hata mara moja, na mimi sikuyataja.

20 Septemba

Mulot. Nimekwenda peke yangu, na nimerudi mikono mitupu, ila si kwa ubaya.

Kule si kama kwetu. Upepo mkavu, mashamba ya mahindi na ngano, vumbi la malori. Boma la Mzee Kimeli niliulizia mara mbili tu. Nilimkuta kwenye zizi, mrefu, kofia ya sufu, na nyuma yake mbwa jike aliyenifanya nisimame ghafla. Ni Bosi. Rangi ile ile, na ile tabia ya kukuangalia kwanza bila kubweka. Nilitaka kumwita.

Jike ana watoto watano, amezaa juzi juzi, macho bado hayajafunguka. Nikafungua mkoba nimlipe kabisa, wasije wakachukuliwa. Mzee akaweka mikono nyuma.

"Mwalimu, mbwa si kuku," akasema. "Kwetu hapa haiuzwi. Ukinunua, siku moja mtu mwingine atainunua kwako."

"Basi nitakupa nini, mzee?"

"Ni nani ataishi na yeye? Ni wewe?"

Nikamweleza Kogo. Nikamweleza kengele. Alisikiliza mpaka mwisho, ng'ombe wake wakaanza kutawanyika na hakujali.

"Huyo mama atengeneze mursik, maziwa ya kulala kwa kibuyu. Yeye mwenyewe, si wewe. Ukuje nayo hapa wakati hawa wamefunga wiki zao, karibu wiki nane. Yule utachagua atakunywa hiyo maziwa hapa kwa mama yake kwanza. Akitoka, anaenda mahali anajua."

Nikahesabu kichwani. Ni mwanzo wa Novemba. Muda utabana, lakini utatosha. Nimepata mbwa, ila bado sina mbwa.

21 Septemba

Nimemwambia Kogo masharti. Amecheka. Sijamsikia akicheka tangu Julai.

4 Oktoba

Hezekiah tena. Ameshaongea na mtu wa kukodi chai. Nikamwambia mbwa anakuja. Akasema, "Shemeji, nakuheshimu sana, lakini mtoto wa mbwa hawezi kuongoza mtu. Atamwangusha kwa mtaro."

Kilichoniudhi ni kwamba anasema kweli. Mbwa wa wiki nane hawezi kuongoza hata kuku. Nilikuwa najua hilo na nilikuwa nimelifungia mahali. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia anachotaka ni chai, si mama. Safari hii nina hakika ni yeye aliyekata simu.

5 Oktoba

Sijalala vizuri. Nimefundisha ngeli za nomino kama mtu anayepigana.

10 Oktoba

Niliteremka kusaga mahindi kwa Ooko. Nikamwaga hasira yangu yote juu ya Hezekiah hapo kwenye mashine, unga ukiruka. Ooko akazima mashine.

"Mwalimu, wewe ulikuwa hospitali na Kiplimo siku ile alituacha," akasema. "Mimi nilikuwa hapa kwa barabara. Hezekiah alifika wakati ndugu yake alikuwa ameshakufa. Aliketi kwa gari, hapo karibu na mti ya umeme, na hakutoka kwa muda mrefu sana. Nikampelekea maji. Akaniambia, 'Lazarus, mimi ni mtu wa kufika nikiwa nimechelewa.' Huyo hataki chai. Anaogopa simu ya kuambiwa amechelewa tena."

Nimerudi na unga wangu kichwani nikifikiria hayo. Kumbe kila jioni anapopiga na Kogo akapokea, huwa anauliza tu amekula nini. Nilikuwa nadhani hana la kusema.

Sijabadilisha msimamo. Kogo haendi. Lakini simchukii tena Hezekiah, na hilo limenipunguzia nguvu kidogo. Ni rahisi zaidi kupigana na mtu mbaya.

20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa, hakuna shule. Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Kogo ameamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni, kibuyu kati ya magoti, kijiti kimewaka makaa kwenye ncha, anakisugulia ndani ya kibuyu. Moshi umejaa. Anapima kwa pua, anaingiza kidole, anatoa jivu la ziada, anaingiza kijiti tena. Nilitaka kumsaidia. "Umesikia yule mzee alisema ni mimi," akanijibu. Basi nikakaa mlangoni nikaangalia mvua.

Amekamua maziwa mwenyewe pia. Ng'ombe amesimama kwa adabu ambayo mimi hajawahi kunipa.

25 Oktoba

Muhula umefungwa. Barabara ya kwenda juu imekatika mahali pawili.

2 Novemba

Kibuyu kimefunguliwa kuonjwa. Ni kizuri. Kogo amekifunga tena kama mtu anayefunga ofisi.

8 Novemba

Yuko hapa. Ananuka, na amelala juu ya kiatu changu ninapoandika.

Ooko alinipeleka Mulot asubuhi kwa pikapu. Nilikuwa na kibuyu, kiondo, kitambaa cha kichwa cha Kogo ambacho alikataa nikifue, na kile kifuniko kilichopinda. Mzee Kimeli alipoona kifuniko akauliza kama nimekuja kupika.

Watoto watano walikuwa uani, wamenona, wanatafunana masikio. Kuna mmoja mzuri sana, ana soksi nyeupe. Nilimwombea huyo kimoyomoyo. Nikaachilia kifuniko kwenye jiwe.

Wote wakatoweka. Hata kuku wakatoweka. Ooko akakunja mikono, uso wake ukisema nilikuambia. Tukangoja. Kisha kutoka nyuma ya ghala pua ikatokea, halafu sikio moja lililochanika, halafu mbwa mdogo kuliko wote, tumbo limegusa chini, anatambaa. Akafika kwenye kifuniko. Akakinusa ukingo wote, akazunguka. Akakikalia.

"Huyo," nikasema.

"Huyo nilikuwa nafikiri hata hataishi," Mzee Kimeli akasema.

Ni jike. Mzee akamimina mursik kiganjani mwake, mbwa akailamba mpaka kiganja kikawa safi, mama yake akisimama pembeni akiangalia kama anayekubali. Kilichobaki mzee alikunywa mwenyewe, taratibu, akafumba macho. "Mwambie huyo mama anajua kazi," akasema. Kisha akamfunika mbwa kwa kitambaa cha Kogo, kichwa na vyote, ndani ya kiondo. Asione njia, asije akatamani kurudi.

Tulipofika kwenye mlima wa Kimulot mvua ilikuwa imefanya kazi yake. Pikapu ilizama matope mpaka kwenye ekseli. Ooko akasema tungoje trekta, labda kesho. Nikamwambia kesho ni mbali. Nikavua viatu, nikafunga kiondo kifuani ndani ya koti, nikapanda. Niliteleza mara nyingi, na kila nilipoteleza nilianguka kwa mgongo, si kwa kifua. Mle ndani alikuwa akinililia kwenye mbavu. Nilimwambia anyamaze, nilimwambia karibu tunafika, nilimwimbia hata wimbo wa darasa la kwanza wa kuhesabu. Mtu angenikuta angenipeleka Longisa kwa miguu.

Kogo alikuwa amesimama uani mvuani. Sijui alijuaje. Akanyoosha mikono. Nikamwekea. Akampapasa masikio, akakaa kwenye lile lililochanika, akapapasa tumbo, miguu, akanusa kichwa.

"Alirudi?" akaniuliza.

"Alirudi, Kogo. Akakalia kifuniko."

Alimwingiza ndani ya sweta yake na kuingia naye nyumbani, na mimi nikabaki nje nikilia kwa uchovu, nimejaa matope mpaka nywele.

9 Novemba

Amelia usiku mzima. Mimi na yeye tumechoka.

11 Novemba

Jina. Nilipendekeza Bosi wa Pili. Kogo akakataa: "Hakuna mtu anaanza kazi akiwa bosi. Huyu ni Karani."

13 Novemba

Karani amekula slipa, kamba ya ng'ombe, na ukurasa wa mtihani wa mtoto ambaye hata hivyo alikuwa ameanguka.

15 Novemba

Hezekiah anakuja Jumamosi ijayo. Amesema kwa upole, na mimi nimejibu kwa upole, jambo ambalo limetuogopesha wote wawili.

Nilimwomba Kogo tumvalishe Karani kengele aanze kuzoea. "Bado," akasema. "Hajui hiyo sauti ni ya nani." Hivi sasa Karani anamfuata Kogo jikoni, anafika mlangoni, anarudi. Kogo hajatoka uani. Siku zinakwenda.

19 Novemba

Bado, anasema. Bado, bado.

22 Novemba

Nitaandika yote.

Asubuhi Kogo alikuwa bado kitandani na mvua ilikuwa imetulia, ukungu juu ya chai. Niliwaza Hezekiah atashuka garini saa nne na ataona nini? Mama kwenye kiti na mbwa anayetafuna slipa. Nilitaka aone kengele. Nilitaka aone kitu kinachofanana na Bosi. Nikaitoa kengele msumarini, nikapunguza ukanda, nikamvalisha Karani.

Akatikisa kichwa. Kengele ikalia. Akaruka. Ikalia zaidi. Akakimbia, na kadiri alivyokimbia ndivyo kile kitu kilivyomfuata shingoni, akapiga kona kwenye zizi, akavuka njia, akaingia chini ya chai.

Asiyejua chai hudhani ni vichaka tu. Chai yetu ni ya zamani, imekatwa juu imekuwa sawa kama meza, na matawi yameshikana kutoka mche hadi mche. Wewe unapita katikati ya mistari na kiuno chako, lakini chini kule ni giza, mapango matupu, na mtoto wa mbwa anaweza kutembea kutoka hapa mpaka mpaka wa msitu bila kuonekana. Nilimsikia kwa muda. Halafu kengele ikanyamaza.

Niliita mpaka koo likakauka. Chepkemboi akaja, Ooko akaja mbio na gambuti moja tu, tukagawana mistari, tunainama, tunachungulia, tunapiga kelele. Mvua ikaanza tena. Mitaro ilianza kujaa. Mbwa mdogo namna ile kwenye mtaro uliojaa, sikutaka kumaliza wazo hilo. Nilikuwa nalia na sikujali nani anaona.

Katikati ya hayo gari la Hezekiah likafika. Akashuka na suti na viatu vya mjini, akauliza mama yuko wapi. Nikamwambia yuko ndani, mbwa amepotea, na mimi ndiye niliyempoteza. Nilingoja aseme neno lake. Alinitazama, akakunja suruali, akaingia mstari wa tatu akaanza kuita, "Karani, Karani," kama mtu anayetafuta risiti. Sikujua hata kama anajua jina. Kumbe Kogo alikuwa akimhadithia kila jioni kwenye simu.

Ndipo tukasikia sauti juu yetu. "Nyamazeni wote."

Kogo alikuwa amesimama kichwani mwa shamba, peke yake, koti la mvua, fimbo mkono wa kulia, kile kifuniko mkono wa kushoto. Ametoka uani, amevuka njia.

"Mama, usishuke, kuna mtaro," Hezekiah akasema na kuanza kupanda.

"Mimi ndiye nilichimba huo mtaro. Simama hapo hapo."

Akasimama. Sote tukasimama mahali tulipokuwa, kama wanafunzi.

Kogo akaweka kiganja juu ya chai na kuanza kushuka, anapapasa meza ya majani kwa mkono, anapima chini kwa fimbo. Alivuka mtaro wa kwanza kwa hatua moja pana. Nilimwona Hezekiah amefumba macho. Akafika katikati, akasimama, akaachilia kifuniko kwenye jiwe. Kishindo kikaenda mpaka ng'ambo kikarudi.

Akangoja. Mvua kwenye majani. Hakuna.

Akainama akakitafuta kwa vidole, akakiokota, akashuka tena mistari kadhaa, akavuka mtaro wa pili. Mguu ulimteleza, goti likagusa tope. Hezekiah alipiga hatua, nami nikamshika kiwiko, na wakati huo huo sikujua kama nafanya haki. Kogo akainuka mwenyewe. Akakiachilia tena.

Tukangoja.

Kisha, chini kabisa, karibu na mto, mlio mmoja mdogo wa kengele. Ukakoma. Ukalia tena, karibu zaidi. Unasimama, unasogea, unasimama. Kogo hakuita. Alichuchumaa kwenye matope, akaweka kifuniko mbele ya magoti yake, na akawa anangoja tu. Karani akatokea chini ya mche, mwekundu na mweusi kwa udongo, tumbo chini, kengele ikiburuta. Akakinusa kifuniko ukingo wote. Akapanda juu yake. Kutoka hapo akapanda magotini mwa Kogo.

Kogo akafungua ukanda kwa meno, akaitoa ile kengele, akaiweka mfukoni. "Pole," alimwambia mbwa. "Pole, mama."

Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Kisha akageuka akapanda. Peke yake, mkono juu ya chai, Karani akijikwaa nyuma ya visigino vyake. Alipopita kwa Hezekiah akanusa, akasema, "Viatu vyako vimeharibika. Umekula?"

Hezekiah alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. "Bado, mama," akasema.

23 Novemba

Hezekiah amelala hapa. Asubuhi tulikuwa tunakunywa chai mezani, mimi na yeye, gari liko uani limeelekezwa barabarani. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu yote tangu Agosti. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

Kogo akatoka chumbani. Amevaa gambuti, kikapu mgongoni. Kengele ya Bosi ameifunga kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe.

"Mama, hiyo si ni ya mbwa?" Hezekiah akauliza.

"Alikuwa anaogopa kwa sababu inamfuata na hajui ni nani," Kogo akasema. "Wacha kwanza ajue ni mimi. Akishajua, nitampatia."

Akatikisa mkono. Karani, aliyekuwa chini ya meza na slipa ya pili, akainua kichwa. Akaiacha slipa. Akamfuata.

Tulisimama mlangoni, mimi na shemeji, tukasikiliza kengele ikivuka njia. Mtaroni ikanyamaza. Hezekiah akashika fremu ya mlango. Ikalia tena, upande wa pili. Baadaye ikawa inalia kidogo kidogo, jinsi mkono unavyolia ukichuma.

Hezekiah akanawa uso pale kwenye tangi. "Shemeji," akasema, "nitakuwa nakuja kila mwisho wa mwezi. Hiyo mitaro nitaiwekea mbao za kuvukia." Nikamwambia alete na kifuniko kipya cha sufuria.

Ameondoka kabla ya mvua. Kiti cha nyuma kilikuwa na kabeji, maziwa, na gunia la viazi.

24 Novemba

Jua. Karani wa kituoni amepokea majani ya Kogo leo, hakurudisha kitu.